Namna ya kuomba pesa ya utafiti ya serikali, na kuitolea hesabu bila kuandikiwa hoja ya ukaguzi

Andiko langu la kwanza halikusomwa. Lilikuwa na kurasa ishirini na mbili, ramani ya rangi, na orodha ya marejeo niliyoihesabu kwa fahari. Liliwekwa kando kwa sababu barua ya utambulisho ilisainiwa na mkuu wa idara badala ya mkuu wa taasisi. Nilinuna wiki nzima. Miaka michache baadaye nikaalikwa upande wa pili wa meza, kwenye jopo la kupitia maandiko ya wenzangu, na hapo ndipo mambo yakanikaa sawa kichwani.

Andiko la pesa ya umma lina wasomaji watatu, na hawakutani. Wa kwanza ni afisa wa mfuko: anaangalia kama umekamilisha. Wa pili ni mpitiaji, mwanasayansi mwenzako: anaangalia kama swali lina uzito na njia yako itafika. Wa tatu ni mkaguzi wa hesabu, atakayekuja wakati wewe umeshausahau mradi, akitafuta risiti. Waombaji wengi humwandikia huyo wa kati tu. Hapa nitakupitisha kwa wote watatu, kwa kufuata Tanzania ninayoifahamu zaidi, na pale inapofaa tutachungulia kwa jirani.

Tusije tukaongea hewani, tushike mfano mmoja mpaka mwisho. Maji ya visima na chemchemi nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, lakini kuna vijiji vinavyokunywa maji yenye floridi mara kadhaa ya hapo. Ndiyo maana utaona vijana wenye meno ya kahawia, na wengine mifupa imepinda. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe hunasa floridi, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Tuseme wewe unataka kujua mkaa huo unachoka baada ya muda gani nyumbani kwa mtu, na mama mwenye nyumba atajuaje kwamba umechoka.

Hatua ya kwanza: jua mfuko na msimu wake

Kwa Tanzania, mlango mkuu ni Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ile ya kituo cha daladala cha Sayansi pale Kijitonyama. Iliundwa kwa Sheria namba 7 ya mwaka 1986, ikachukua nafasi ya baraza la utafiti lililokuwepo tangu 1968. Mfuko wenyewe unaitwa MTUSATE, Mfuko wa Taifa wa Uendelezaji wa Sayansi na Teknolojia, ulioanzishwa 1995. Tume iko chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, kwa hiyo pesa yake hupitia fungu la wizara hiyo bungeni.

Hapo kuna jambo ambalo wahadhiri wapya hawaambiwi. Pesa iliyopitishwa na Bunge siyo pesa iliyotoka Hazina. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na pesa hutoka kwa mafungu kadiri makusanyo yanavyoruhusu. Wito wa maandiko unaweza kutangazwa ukiwa na wiki chache tu za kujibu, kwa sababu mfuko nao unakimbizana na kalenda. Ukisubiri tangazo ndipo uanze kuandika, umechelewa. Andika kurasa tano za msingi leo, ziweke, zihuishe kila baada ya miezi sita.

Usitishwe wala usilevywe na ahadi kubwa. Mwaka 2006, Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge walau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Kenya ilikwenda mbali zaidi: Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye Mfuko wa Taifa wa Utafiti, NRF. Imo ndani ya sheria, si kwenye hotuba. Lakini takwimu za UNESCO ziliiweka Kenya karibu asilimia 0.8 mwaka 2010, hesabu ambayo inajumlisha matumizi yote ya utafiti nchini, pesa za wafadhili wa nje zikiwemo. Tanzania ilikuwa karibu nusu asilimia mwaka 2013. Kwa mwombaji maana yake ni moja: mfuko ni mdogo, waombaji ni wengi, na afisa anatafuta sababu halali ya kupunguza rundo.

Hatua ya pili: hakikisha ulichonacho ni utafiti

Utashangaa ni maandiko mangapi yanaanguka hapa. Kuchimba kisima ni huduma. Kufundisha wanakijiji kutumia chujio ni mafunzo. Kununua mashine ya maabara ni ununuzi. Yote ni mema, na yote yana mafungu yake kwingine serikalini.

Serikali nyingi duniani, zetu zikiwemo, hutenganisha utafiti na shughuli nyingine kwa kipimo cha Frascati, kitabu cha mwongozo kilichotungwa kwa mara ya kwanza 1963 kwenye mji huo wa Italia na kuhuishwa mara ya mwisho 2015. Kinauliza mambo matano. Je, kazi inalenga kupata jambo jipya? Inatokana na fikra ya kibunifu? Matokeo yake hayajulikani mapema? Ina mpangilio na bajeti? Mtu mwingine ataweza kuirudia au kuichukua?

Swali la tatu ndilo linalochuja. Ikiwa unajua jibu kabla hujaanza, si utafiti. Kwa mradi wetu, "kusambaza machujio 60 ya mkaa wa mifupa" hautapita. "Kupima muda ambao mkaa hudumu kulingana na kiwango cha floridi na matumizi ya kaya" utapita, hata kama machujio yale yale 60 yatanunuliwa.

Ukishavuka hapo, fungua vipaumbele vya taifa vya utafiti na Dira ya Maendeleo 2050 iliyozinduliwa 2025, utafute sentensi inayokugusa. Moja inatosha. Nimesoma maandiko yaliyobandika aya tatu za dira ya taifa mwanzoni kama sala ya kufungulia mkutano. Mpitiaji huziruka zote.

Hatua ya tatu: pita kwa afisa

Huyu hana kosa. Ana orodha, na orodha ni fupi. Kabla hujapakia chochote kwenye mfumo, hakikisha una:

- barua ya mkuu wa taasisi (si ya idara, nimeshalipia somo hilo);
- wasifu wa mtafiti mkuu na wenzake, kwa urefu waliotaka na si zaidi;
- barua za wadau, zenye tarehe ya karibuni;
- bajeti kwenye jedwali lao, si lako;
- uthibitisho kwamba huna ripoti ya zamani unayodaiwa.

La mwisho ndilo linaloua watu kimyakimya. Mtafiti mwenye mradi wa nyuma ambao haujafungwa anaweza kukataliwa mpya, na mara nyingine kosa si lake, ni la mwenzake aliyekwenda kusoma Ulaya na kuondoka na risiti. Uliza kitengo cha utafiti cha taasisi yako mapema kama jina lako ni safi.

Pakia siku tatu kabla. Mfumo huzidiwa siku ya mwisho, kila mara, na hakuna afisa atakayekubali picha ya skrini kama utetezi.

Hatua ya nne: mwandikie mtu aliyechoka

Hapa tukae kidogo.

Andiko likipita kwa afisa hupelekwa kwa wapitiaji, mara nyingi wawili au watatu, wanaofanya kazi bila kuongea wao kwa wao. Kila mmoja anatakiwa kutamka kama ana mgongano wa maslahi: amekufundisha, mmeandika pamoja, mnagombea cheo kimoja. Kisha anajaza fomu ya alama. Fomu hutofautiana, lakini chukulia hii kama mfano: uzito wa tatizo alama 20, ubora wa njia 35, uwezo wa timu 15, matumizi ya matokeo 20, bajeti 10. Wito mzuri huzitaja alama hizo. Ukizipata, gawanya kurasa zako kwa uwiano huohuo. Ni hesabu rahisi, ila watu wanaandika kurasa sita za usuli wa tatizo na kurasa moja na nusu ya njia, kisha wanalaumu upendeleo.

Upendeleo upo, sikatai. Lakini kilichonishtua jopo lilipoketi ni bahati. Andiko moja lilipata alama 81 kwa mpitiaji mmoja na 52 kwa mwingine, na wote wawili walikuwa na hoja. Si kwetu tu. Marekani, taasisi za taifa za afya, NIH, hutumia alama 1 hadi 9, ambapo 1 ndiyo bora, na karibu nusu ya maandiko huwa hayajadiliwi kabisa kikaoni. Utafiti uliochapishwa 2018 uliiga majopo hayo kwa wapitiaji 43 na maandiko 25, ukakuta alama mbili za andiko moja hazikukaribiana kuliko alama mbili za maandiko tofauti. New Zealand walilikubali hilo waziwazi: mwaka 2013 baraza lao la utafiti wa afya lilianza kupigia kura ya bahati nasibu maandiko ya aina fulani yaliyovuka kiwango. Uswisi nao hutumia kura pale maandiko yanapolingana mpakani. Binafsi naona ni uungwana zaidi kuliko kujifanya alama 74.3 inaishinda 74.1.

Huwezi kuondoa bahati. Unachoweza ni kumrahisishia mpitiaji kazi ya kukutetea. Jopo linapokaa, mtu mmoja hupewa andiko lako alieleze kwa wenzake kwa dakika tano hivi. Ameshasoma mengine kumi na tano. Anahitaji sentensi za kusema, na usipompa atatunga zake.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza uwe na mambo manne, kwa mpangilio huu: tatizo, kisichojulikana, utakachofanya, na nani atatumia jibu. Linganisha:

"Floridi ni changamoto kubwa duniani na Tanzania ikiwemo, hivyo utafiti huu utachangia juhudi za serikali katika kuboresha afya za wananchi."

"Kaya zinazotumia chujio la mkaa wa mifupa hazina njia ya kujua lini mkaa umekwisha nguvu, hivyo huendelea kunywa maji yenye floridi zikidhani ni salama. Tutafuatilia machujio 60 katika vijiji vitatu kwa miezi 12, tukipima floridi kila wiki mbili, ili kutoa kanuni rahisi ya siku ya kubadilisha mkaa. Jumuiya za watumia maji na RUWASA, wakala wa maji vijijini, ndio watakaoitumia."

Ya pili ina namba, ina mahali, ina mtu. Mpitiaji anaweza kuisoma kama ilivyo mbele ya jopo akakaa chini.

Kwenye sehemu ya njia, taja kitakachoharibika. Machujio mengine yatapasuka, kaya nyingine zitahama, mvua za masika zitabadilisha kiwango cha floridi. Mwombaji anayeeleza hatari na namna atakavyozikabili hupata alama kuliko yule ambaye kila kitu chake kitakwenda salama. Wapitiaji wamewahi kwenda fildi, wanajua.

Hatua ya tano: bajeti

Mpitiaji anasoma bajeti kabla ya njia. Ndivyo nilivyokuwa nikifanya, na wenzangu wengi pia, maana bajeti haijui kudanganya. Posho zikimeza nusu ya pesa, andiko ni la safari. Gari jipya kwenye mradi wa mwaka mmoja halielezeki. Kompyuta mpakato nne kwa watafiti watatu, nazo tumeziona.

Fanya hivi: kila mstari wa bajeti uonyeshe hesabu yake. Vipimo vya floridi ni machujio 60 mara 26, yaani 1,560, pamoja na asilimia kidogo ya vya kurudia. Andika hivyo hivyo. Posho fuata viwango vya serikali vilivyopo, usitunge.

Kumbuka pia kwamba pesa ya umma hununua kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni. Vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabara, havinunuliwi kwa kumpigia simu rafiki wa Kariakoo. Weka miezi mitatu ya mwanzo kwa ununuzi kwenye mpango kazi wako. Ukiandika kwamba mwezi wa kwanza utaanza kupima, mpitiaji mzoefu atatabasamu na kukupunguzia alama za uhalisia.

Hatua ya sita: vibali

Anza kabla pesa haijaingia. Utafiti unaogusa afya za watu unahitaji ithibati ya kimaadili, kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, au kamati ya taasisi yako iliyoidhinishwa. Wa wanyamapori unapita TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori. Ukikusanya taarifa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu. Zanzibar ina taratibu zake, usidhani karatasi za bara zinavuka bahari. Kenya hakuna ujanja: leseni ya NACOSTI, tume yao ya sayansi, ni lazima.

Kisha ngazi: barua ya mkoa, ya wilaya, ya kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Usimruke mwenyekiti wa kitongoji. Hayumo kwenye mwongozo wowote wa serikali kama mtoa kibali cha utafiti, na bado ndiye atakayeamua kama milango itafunguliwa.

Hatua ya saba: mkataba na masurufu

Umeshinda. Hongera, sasa soma mkataba kabla ya kusaini. Pesa hutolewa kwa awamu, na awamu ya pili inategemea ripoti ya kwanza. Angalia nani anamiliki data, nani anamiliki vifaa, na nini kinatokea awamu ikichelewa. Awamu ikichelewa miezi minne nawe mwisho wa mradi haujasogezwa kwa maandishi, kuchelewa kunageuka kuwa kwako. Omba nyongeza ya muda kwa barua, mapema, hata kama afisa amekuambia kwa simu kwamba haina shida.

Pesa haiingii mfukoni mwako. Inaingia akaunti ya taasisi, na wewe unaomba masurufu, yaani pesa ya kutanguliziwa, kwa kila shughuli. Ukirudi fildi unayarejesha: risiti, orodha za mahudhurio zenye saini, ripoti ya safari, na bakaa, yaani pesa iliyobaki, kama ipo. Kurejesha kuna muda wake unaohesabiwa kwa siku, na ukizembea, masurufu yanaweza kukatwa kwenye mshahara wako na huchukui mengine. Nimeona mradi mzuri ukisimama miezi mitano kwa sababu msaidizi mmoja hakurejesha masurufu ya safari ya siku nne.

Shida kubwa ni kijijini. Mama aliyewapikia hana mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi. Bodaboda aliyekubeba na sampuli hana kitabu cha stakabadhi. Mkaguzi anajua hilo, ila hawezi kukubali neno lako. Ulizia kitengo cha fedha, kwa maandishi, kabla ya kwenda: malipo madogo yasiyo na risiti yatathibitishwaje? Taasisi nyingi zina fomu ya kukiri malipo, yenye jina, kazi, kiasi, saini au dole gumba. Beba nakala za kutosha. Usijaze ukiwa umerudi ofisini, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Mkaguzi huanza na hizo.

Hatua ya nane: pimwa, na ujipime mwenyewe kwanza

Tathmini ya serikali ina sura mbili. Moja ni ya wakati mradi unaendelea: afisa wa mfuko anakuja, anataka kuona machujio kwa macho, anaongea na wanakijiji wewe ukiwa pembeni. Mpeleke kijiji ambacho mambo yamekwama pia. Akikigundua mwenyewe itakuwa hadithi nyingine.

Ya pili ni ya mwisho, nayo ndiyo inayobadilika duniani kote. Zamani ilitosha kuhesabu machapisho. Tangu Azimio la San Francisco, lililoandaliwa 2012, mabaraza mengi ya utafiti yamekubali kwamba jina la jarida si kipimo cha ubora wa kazi iliyomo. Uingereza, katika tathmini yao ya vyuo ya 2021, walitoa asilimia 60 kwa machapisho na kazi zenyewe, 25 kwa mchango wa utafiti nje ya chuo, na 15 kwa mazingira ya kazi. Ile 25 ilikuwa 20 mwaka 2014. Mifuko yetu nayo inauliza swali hilohilo kila wito mpya: nani ametumia?

Matumizi hayathibitishwi kwa kusema "wadau walifurahia". Fungua faili siku ya kwanza na uweke kila kinachoonyesha kwamba mtu amebadilisha kitu kwa sababu yako. Jumuiya ya watumia maji ikiweka siku ya kubadilisha mkaa kwenye ratiba yake, omba nakala ya muhtasari wa kikao. RUWASA wakikuandikia kuomba jedwali lako, tunza barua pepe. Zahanati ikibandika bango, piga picha, na tarehe ionekane. Usisubiri mwisho, watu huhamishwa vituo.

Na kama jibu ni kwamba mkaa haufai kwa baadhi ya maji, andika hivyo. Wito uliahidi kulipia swali. Ripoti inayosema "hapa haikufanya kazi, na sababu ni hii" imempunguzia mtu mwingine mwaka mzima, na jopo lenye akili huiheshimu. Lisilo na akili litakupunguzia alama, hilo nalo lipo.

Kufunga

Vifaa vipewe namba ya mali ya taasisi na viingizwe kwenye daftari. Bakaa irudishwe kwa namba ya malipo ya serikali, upate uthibitisho. Data iwekwe mahali ambapo mwingine anaweza kuifikia, majina ya kaya yakiwa yameondolewa. Omba barua ya kufunga mradi. Wengi huiacha, halafu ndiyo inayowakosesha wito unaofuata.

Kisha chukua risiti zote za EFD uzipige picha au uzitoe nakala, moja moja. Karatasi ile hufifia, zaidi ikikaa kwenye kabati lenye joto, na baada ya miaka miwili unabaki na kipande cheupe. Mkaguzi akija na hoja yake kuhusu vitendanishi vya mwezi wa nne, utakuwa na cha kumwonyesha.